Mapatano ya Berlin na Vita vya 1914 Katika Afrika ya Mashariki

Katika Kiswahili vita "huzuka", kama moto uzukavyo nyikani, na kitenzi hicho hakidai kutajiwa mtendaji. Wakuu wa Ulaya nao walipenda msemo wa namna hiyo. David Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza mwaka 1914 na kuwa Waziri Mkuu Desemba 1916, aliandika katika kumbukumbu zake za vita kwamba mataifa yaliteleza ukingoni na kutumbukia. Ni maneno ya kufariji, maana atelezaye hana hatia. Lakini mambo ya Julai na Agosti 1914, yakitazamwa siku kwa siku, yaonyesha watu waliokwenda kwa miguu yao wenyewe, na wengi wao walikuwa na historia mikononi. Hawakuwa wameisahau. Waliisoma, na kila mmoja alisoma ukurasa uliompendeza.

Mwaka 1908 dola ya Austria na Hungaria ilijitwalia Bosnia, na Urusi ikapinga. Machi 1909 Ujerumani iliionya Urusi, nayo, kwa kuwa haijapona majeraha ya kushindwa na Japani mwaka 1905, ikanyamaza. Tukio hilo moja lilizaa mafunzo mawili yasiyopatana. Berlin ilijifunza kwamba Urusi ikitishwa hurudi nyuma, St. Petersburg ilijifunza kwamba haiwezi kurudi nyuma mara ya pili na kubaki dola kuu. Oktoba 1913 Vienna iliipa Serbia siku nane iondoe majeshi yake katika nchi ya Albania, nayo ikayaondoa. Basi ikadhaniwa kwamba kitisho kikali chatosha. Na huko London Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikwisha kuwakusanya mabalozi wa dola kuu katika miaka ya 1912 na 1913, wakati wa vita vya Balkani, na moto haukuenea. Kwa hiyo tarehe 26 Julai 1914 akatoa shauri la mkutano wa namna ile ile, na Ujerumani ikaukataa. Yaonekana hakuna serikali hata moja iliyoingia katika mwezi ule bila fundisho. Ubaya ni kwamba kila fundisho lilitokana na hatari iliyopita salama, na watu waliopita salama mara nne hudhani ya tano ni kama hizo.

Habari za kuuawa kwa Franz Ferdinand na mkewe huko Sarajevo, tarehe 28 Juni, zajulikana na kila mwanafunzi. Yafaa zaidi kuitazama tarehe 28 Julai. Vienna ilikuwa imeipa Serbia hati yenye masharti mazito na saa 48 za kuijibu, na Serbia ikakubali karibu yote. Asubuhi ya siku hiyo Kaiser Wilhelm, aliyerudi karibuni kutoka safari yake ya baharini pande za Norway, alisoma jibu hilo na kuandika kwamba sasa hakuna tena sababu ya vita. Siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita. Mtu aliyeahidi tarehe 5 Julai kuisaidia Austria kwa lolote alikuja kuona, baada ya siku ishirini na tatu, kwamba ahadi yake haikuhitajiwa. Lakini ahadi ilikwisha kupanda gari la moshi. Na hilo si fumbo tu. Tarehe 1 Agosti Kaiser alipotaka majeshi yote yaelekezwe mashariki dhidi ya Urusi, na Ufaransa iachwe, Jemadari Moltke alimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa mpango wa safari za majeshi umekwisha kutengenezwa na haugeuziki. Tarehe 4 Agosti Wajerumani waliingia Ubelgiji, na Uingereza ikaingia vitani.

Katika Afrika ya Mashariki ilikuwapo sheria ambayo ingaliweza kuuzuia ugomvi huo usivuke bahari. Mkataba wa Berlin, uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885, haukugawa tu biashara ya bonde la Kongo. Vifungu vyake vya 10 na 11 vilihusu kuziweka nchi za eneo hilo nje ya vita, na eneo lenyewe lilichorwa kwa upana hata likafika Bahari ya Hindi, likazikusanya koloni ya Wajerumani, himaya ya Waingereza (Kenya ya baadaye) na Uganda. Msomaji asifurahi upesi. Kifungu cha 11 kilisema kwamba dola yenye koloni katika eneo hilo ikiingia vitani, wenziwe watasaidia ili nchi hizo ziwekwe nje ya vita kwa ridhaa ya dola hiyo na ya adui zake. Kifungu chote kinaning'inia katika neno hilo moja, ridhaa. Ni mlango uliotengenezwa vizuri, wenye komeo kwa ndani na kwa nje, na kila upande una ufunguo wa kuufunga bali hakuna aliye na ufunguo wa kuufungua peke yake.

Ubelgiji, ikiihofia Kongo yake, hapo mwanzo ilitaka kifungu kitumiwe. Uingereza na Ufaransa hazikukubali. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, naye alitaka nchi yake ikae nje ya vita. Alikuwa na sababu zake: reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka ule, na maonyesho makubwa ya koloni yalikuwa yakitengenezwa kwa mwezi wa Agosti. Tena Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, vilikuwa vya juzi tu, na hakuna mtawala aliyetaka kuiona nchi ikitikisika tena. Gavana wa Kiingereza huko Nairobi, Sir Henry Belfield, hakuwa mbali na mawazo hayo. Alitamka hadharani kwamba nchi yake haina haja na vita hivi, ila kwa bahati mbaya ya kupakana na koloni ya Wajerumani. Magavana wawili wa pande mbili, basi, hawakutaka kupigana.

Yaliyofuata yaonyesha jinsi amani iliyokwisha kupatikana inavyoweza kupotezwa. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilikuja Dar es Salaam kwa ajili ya mnara wa simu ya upepo, kwani London ilihofia kwamba manowari za Kijerumani zitapata habari kwa njia hiyo. Baada ya mizinga, wakuu wa mji na nahodha wakapatana kwamba mji usishiriki vitani wala usishambuliwe. Na Tanga ikapata mapatano ya namna hiyo siku chache baadaye. Wakuu wa bahari huko London wakakataa kuyathibitisha. Hata hivyo Wajerumani hawakuarifiwa mpaka tarehe 2 Novemba, ambapo manowari Fox ilifika mbele ya Tanga na nahodha wake akatangaza kwamba mapatano yamevunjika. Uungwana huo, kama ni uungwana, uliwapa Wajerumani nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka pande za Moshi. Jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jemadari Aitken, likashindwa na watu wapatao 1,000 na kurudi merikebuni. Watu wa Tanga wameweka zaidi kumbukumbu ya nyuki walioshambulia siku ile, na kweli nyuki walikuwapo, lakini haifai kuwapa sifa zote.

Upande wa pili alikuwako Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi, aliyefika Dar es Salaam Januari 1914. Kwa sheria alikuwa chini ya Gavana. Kwa vitendo hakumtii. Nia yake aliieleza mwenyewe baadaye: kuwavuta adui wengi iwezekanavyo waje Afrika, wasipate kwenda Ulaya. Tarehe 15 Agosti watu wake wakaitwaa Taveta. Kwa maneno mengine, hakukusudia kuilinda koloni, alikusudia kuitumia. Amesifiwa sana na waandishi wa nchi zote, hata wa adui zake, kwa miaka minne ya kutoshikwa. Sifa hizo zastahili kupimwa na gharama yake.

Methali yasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa methali haitoshi, maana nyasi hukaa mahali pake; watu hawa walitolewa makwao wakaambiwa wambebe tembo. Pande zote mbili zilikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa nguvu, kwa kuwa ndorobo waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa, kwa hesabu za rasmi, walizidi 40,000, na wanahistoria wa baadaye wameikadiria idadi hiyo karibu na 100,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, uliopewa watu waliozoea vyakula vingine, ndivyo vilivyowamaliza. Huko Ugogo, ambako majeshi yalipokonya nafaka na ng'ombe, njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya, na wazee walihesabia miaka kwayo. Mishahara ya wapagazi waliokufa bila warithi kuidai ilibishaniwa na maofisi kwa miaka mingi.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Katika mashauri ya amani ya 1919 swali la Mkataba wa Berlin halikuulizwa kwa uzito. Lililoulizwa ni nani apewe koloni. Na wale waliokuja baadaye walijitafutia mafunzo kama walivyofanya wa kwanza. Neville Chamberlain, mwaka 1938 huko Munich, aliogopa sana kuurudia mwaka 1914. Anthony Eden, mwaka 1956 katika mambo ya Suez, aliogopa sana kuurudia mwaka 1938, na kwa hofu hiyo akamwona Gamal Abdel Nasser kuwa mtu asiyekuwa yeye. Baina ya miaka hiyo, mwaka 1944, askari wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakipigana katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, na wengine walikuwa wana wa wapagazi.

Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki, peke yake. Ile ya Nairobi ina mpagazi pembeni. Kule Dar es Salaam mpagazi ana mtaa na soko, Kariakoo, jina lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chake kwa jinsi masikio ya watu yalivyolisikia, na wengi wanunuao nyanya pale hawamjui.