KWA NINI PETE YA DHAHABU HUTIA WEUSI KIDOLENI

Mwalimu ashike chaki, maana leo zimo tarakimu za kuandika ubaoni.

Tuanze nyumbani. Bibi mmoja ameolewa mwezi uliopita. Leo anavua pete yake ili akande unga, anaona alama nyeusi imezunguka kidole. Moyo unamruka: "Kumbe nimeletewa shaba!" Je, ni haki kumlaumu mumewe? Ngoja kwanza usikilize habari za zamani.

Dhahabu safi haishiki kutu, wala jasho haliidhuru. Lakini ni laini mno; pete ya dhahabu tupu hupindika na kukwaruzika upesi. Kwa hiyo masonara tangu kale huichanganya na shaba nyekundu na fedha, ipate ugumu. Hao wenzake ndio wenye makosa. Jasho lina chumvi na tindikali kidogo; vikikaa juu ya shaba au fedha hufanya namna ya kutu, nyeusi au ya kijani, nayo hubaki ngozini.

Basi swali la tangu zamani ni hili: ndani ya pete mna dhahabu kiasi gani? Jicho haliwezi kujua. Watu wa kale waliikwaruza dhahabu juu ya jiwe jeusi gumu, wakalinganisha mstari wake na mstari wa dhahabu wanayoijua. Hata leo wako masonara wafanyao hivyo. Lakini wewe mnunuzi huna jiwe wala ujuzi. Unamtegemea muuzaji tu, na wauzaji si wote waaminifu.

Huko Uingereza, mwaka 1300, Mfalme Edward I alitoa sheria kwamba isiuzwe dhahabu iliyo duni kuliko ile ya Paris, ambayo ilikuwa sehemu 19 na kidogo katika sehemu 24. Sehemu hizo ndizo karati. Wazee wa chama cha masonara wakawa wanazunguka duka kwa duka kupima. Fikiri taabu yake! Tangu mwaka 1478 masonara wa London walitakiwa kupeleka wenyewe vitu vyao kwenye jumba la chama, vipimwe na kupigwa chapa.

Kwa muda mrefu sheria ya huko haikuruhusu dhahabu iliyochanganywa sana. Mwaka 1854 ikalegezwa: karati 15, 12, hata 9. Watu wa kipato kidogo wakaweza kununua pete. Lakini hesabu mwenyewe: ukitoa 9 katika 24, zimebaki 15. Hizo zote ni shaba, fedha na madini mengine. Vidole vikapata weusi zaidi.

Sasa mwalimu aandike: 375, 750, 916. Tarakimu hizi hupigwa ndani ya pete, nazo ni sehemu za dhahabu katika 1000. 375 ni karati 9. 750 ni karati 18. 916 ni karati 22.

Yule bibi na aipeleke pete yake mwangani asome. Akikuta 375, mumewe hakumletea shaba tupu. Labda muuzaji ndiye aliyemtoza bei ya 916, nalo ni shauri lingine. Asipokuta chapa, au akiishuku, maana chapa nazo hughushiwa, ampelekee sonara aipime. Huenda ni shaba iliyopakwa dhahabu juu tu, na sasa imechubuka.

Ikiwa ni dhahabu ya kweli, aivue afuapo nguo, hasa akitumia dawa ya kutakatisha, na ajipakapo poda, kwa kuwa chembe zake huikwangua pete. Povu la sabuni lisikae chini yake. Jioni aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, aikaushe kwa kitambaa laini, akaushe na kidole pia, ndipo aivae.