Ligi ya Mpira wa Kimarekani wa Ukumbini (AFL) na timu zake

Arena Football League, kwa kifupi AFL, ilikuwa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani uliochezwa ndani ya ukumbi. Mpira huo si kandanda. Ni ule wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Ligi ilianza mwaka 1987, ikafilisika 2009, ikafufuliwa 2010 na kufungwa tena 2019.

Mwanzilishi wake ni Jim Foster. Tarehe 11 Februari 1981 alikuwa Madison Square Garden, New York, akitazama soka ya ukumbini, akachora juu ya bahasha uwanja wa mchezo aliouwazia. Hesabu yake ilikuwa ya mfanyabiashara. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na kumbi za hoki ya barafu zenye maelfu ya viti, na msimu wa hoki ukiisha, wenye kumbi hubaki wakitafuta wapangaji. Hakuhitaji kujenga kitu.

Uwanja ulipunguzwa hadi yadi 50, nusu ya ule wa nje, na wachezaji wakawa 8 kila upande badala ya 11. Hadi mwaka 2006 wengi wao walishambulia na kulinda pia, jambo lililopunguza idadi ya watu wa kulipwa. Kuta za pembeni ziliwekwa magodoro, na shabiki aliyedaka mpira ulioruka hadi jukwaani alikwenda nao nyumbani.

Kilichoitofautisha kabisa AFL ni nyavu zilizofungwa pande zote mbili za milingoti ya goli. Mpira uliopigwa kwa mguu ukigonga wavu na kurudi uwanjani, mchezo uliendelea. Foster alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1990, na hataza hiyo ndiyo iliyoifanya AFL kuwa duka la peke yake: ligi nyingine za ukumbini zililazimika kucheza bila nyavu. Muda wake uliisha mwaka 2007.

Timu za kwanza zilikuwa Chicago Bruisers, Denver Dynamite, Pittsburgh Gladiators na Washington Commandos. Denver ilitwaa ubingwa wa kwanza kwa kuifunga Pittsburgh 45-16. Detroit Drive, mali ya Mike Ilitch wa biashara ya piza ya Little Caesars, ilichukua mataji manne kati ya 1988 na 1992. Gladiators walihamia Florida mwaka 1991, wakawa Tampa Bay Storm na kushinda mataji matano. Kuhama mji lilikuwa jambo la kawaida. Timu isiyomiliki ukumbi haina kinachoifunga mahali.

Mchezaji aliyeipa ligi sifa kuliko wote ni Kurt Warner. Baada ya kuachwa na Green Bay Packers mwaka 1994 alipanga bidhaa usiku katika duka la vyakula, kisha akachezea Iowa Barnstormers 1995 hadi 1997. Januari 2000 aliiongoza St. Louis Rams kutwaa Super Bowl. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingefanya kazi kama hiyo.

Fedha ziliingia. Jerry Jones wa Dallas Cowboys, aliyekuwa mchezaji John Elway na mwanamuziki Jon Bon Jovi walikuwa miongoni mwa wamiliki. Mwaka 2003 NBC ilianza kurusha mechi, lakini bila kulipa ada ya haki za matangazo. Pande mbili ziligawana mapato tu. Hapo ndipo penye kasoro. Ligi ilipanuka hadi timu 19 mwaka 2007, gharama zikapanda, na fungu la uhakika la televisheni halikuwepo.

Msimu wa 2008 mahudhurio yalizidi wastani wa watu 12,000 kwa mechi. Hata hivyo, Desemba mwaka huo wamiliki walifuta msimu wa 2009, na wachezaji wakabaki bila ajira. Mali za ligi ziliuzwa kwa dola milioni 6.1. Ligi iliyorudi 2010 ilikuwa ya bei rahisi: mchezaji wa kawaida alilipwa dola 400 kwa mechi.

Kufikia 2018 zilibaki timu nne, zote zikaingia hatua ya mtoano. Washington Valor, iliyoshinda mechi 2 kati ya 12, ikawa bingwa! Mwaka uliofuata kesi ya mamilioni ya dola kutoka kwa kampuni ya bima ikawa mzigo wa mwisho.

Jina hilo lilifufuliwa tena Aprili 2024 kwa timu 16. Ndani ya mwezi mmoja kadhaa zilijitoa, na zilizosalia zikaunda Arena Football One. Timu za zamani kama Iowa Barnstormers na Arizona Rattlers zilikwishahamia Indoor Football League, ligi iliyoanza kucheza 2009 na isiyotumia nyavu za Foster.