Kumbukumbu na Jalada: Maisha na Utumishi wa Askari Albert Facey, 1894–1982

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Australia ilikuwa nchi ya watu wasiofikia milioni tano. Hata hivyo, zaidi ya wanaume 400,000 walijiandikisha jeshini, na takribani 60,000 kati yao walipoteza maisha. Waliopelekwa ng'ambo walikuwa wa kujitolea, kwa kuwa wapigakura walikataa uandikishaji wa lazima katika kura za maoni za mwaka 1916 na 1917. Wengi wa askari hao hawakuacha masimulizi marefu ya maisha yao. Albert Facey, askari wa miguu asiye na cheo, aliacha. Makala haya yanamtumia kujadili swali moja: mwanahistoria afanye nini pale kauli ya askari inapopingana na jalada lake la utumishi?

Facey alizaliwa mwaka 1894 huko Maidstone, Victoria. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na bibi yake ndiye aliyemlea na kumpeleka Australia Magharibi. Akiwa na umri wa miaka minane tayari alikuwa kibarua mashambani. Hakupata elimu ya shule; kusoma na kuandika alijifunza mwenyewe baadaye. Januari 1915 alijiandikisha, akapangiwa Batalioni ya 11, iliyokuwa ya watu wa Australia Magharibi.

Hapa ndipo mgogoro wa ushahidi unapoanzia. Katika tawasifu yake, A Fortunate Life, iliyochapishwa mwaka 1981, Facey anasimulia kwamba alishuka ufukweni Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915, siku ya uvamizi wenyewe. Kumbukumbu za jeshi zinaonesha kwamba alijiunga na batalioni yake huko tarehe 7 Mei, siku kumi na mbili baadaye. Agosti mwaka huohuo aliondolewa kwa maradhi ya moyo, na mwaka 1916 akaachishwa jeshi kwa sababu za kiafya. Ndugu zake wawili waliuawa katika kampeni hiyo.

Tofauti hiyo inaweza kusomwa kwa njia mbili nyepesi: kumwita Facey mwongo, au kuipuuza kwa heshima ya mzee. Zote mbili hazitoshelezi. Batalioni ya 11 ilikuwa miongoni mwa vikosi vya kwanza kutua siku ile, na tangu mwaka 1916 tarehe 25 Aprili iliadhimishwa kila mwaka hadi ikawa nguzo ya utambulisho wa taifa. Facey aliandika miongo kadhaa baadaye, ndani ya jamii iliyokwisha kuamua siku ipi ina uzito. Alistair Thomson, katika Anzac Memories (1994), alionesha jinsi maveterani walivyopanga kumbukumbu zao kwa kutumia lugha na picha walizopewa na jamii. Kwa mtazamo huo, inawezekana kabisa kwamba simulizi la batalioni lilimezwa na simulizi la mtu mmoja.

Hata hivyo, kosa la tarehe haliondoi thamani ya tawasifu. Jalada linatueleza lini askari alifika na kwa nini aliondoka. Halielezi vita vilimfanya nini baadaye. Facey anaeleza kwamba vita vilimpotezea imani ya dini. Anaeleza pia kazi yake ya tramu mjini Perth, na shamba alilopewa Wickepin chini ya mpango wa kuwagawia ardhi askari waliorejea, ambalo hatimaye aliliacha katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Mwanawe mkubwa aliuawa Singapore mwaka 1942. Kwa Facey, basi, vita havikuisha alipoachishwa jeshi.

Hoja ya makala haya ni kwamba vyanzo hivi viwili visiwekwe katika ngazi ya ubora, bali kila kimoja kiulizwe swali kinachoweza kulijibu. Kuhusu tarehe, jalada liaminiwe, na iandikwe bila kuficha kwamba Facey alifika Gallipoli tarehe 7 Mei. Kuhusu gharama ya vita kwa mtu wa kawaida, ushahidi wake unabaki na nguvu. Siku kumi na mbili za tofauti nazo ni ushahidi: zinaonesha uzito ambao taifa linaweza kuuweka juu ya kumbukumbu ya askari wake.