Usaili wa Watunga Programu: Kipimo Kinachobadilika Kila Zama

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, miongoni mwa hodari niliopata kuwafundisha, alikuja ofisini kwangu akiwa amenyong'onyea. Alikuwa ameshindwa usaili wa kazi ya kutunga programu. Aliulizwa namna ya kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kialfabeti, na jibu alilijua. Aliandika kimya kimya ubaoni, akakosea mstari mmoja, akashukuru, akaondoka. "Mwalimu," akaniuliza, "kumbe mimi si mhandisi?" Ili kumjibu ilinibidi nirejee historia.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, kompyuta ya ENIAC ilikuwa ikiundwa kwa ajili ya jeshi. Walioteuliwa kuipangia kazi, kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, walikuwa wanawake sita. Mmoja wao, Jean Jennings, alisimulia baadaye kwamba katika usaili aliulizwa ana maoni gani kuhusu umeme. Alipoanza kueleza aliyoyasoma katika fizikia, msaili alimkatiza: alitaka tu kujua kama anauogopa. Hesabu walikwisha kuzijua. Kilichobaki kilikuwa utayari wa kujifunza.

Kazi ilipopanuka, waajiri wakatafuta kipimo cha haraka. Mwaka 1955 IBM ilianza kutumia jaribio la maandishi la vipawa, lenye mfuatano wa namba, maumbo na mafumbo ya hesabu. Likaenea, ingawa watafiti waliolinganisha alama zake na utendaji kazini waliona uhusiano hafifu. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry waliwachunguza watunga programu zaidi ya 1,300, wengi wao wanaume, wakahitimisha kwamba watu hao hupenda mafumbo na hawapendi sana kujishughulisha na watu. Hivyo sifa za waliokwisha kuingia zikageuka kuwa sharti kwa waliobisha hodi, na kazi iliyoanzia mikononi mwa wanawake ikavikwa sura ya mwanamume mpweke.

Vikafuata vitendawili. Microsoft ilipata umaarufu kwa kuuliza kwa nini mifuniko ya mashimo ya maji taka ni ya duara. Google nayo ilitumia maswali ya namna hiyo, hadi mwaka 2013 mkuu wake wa masuala ya wafanyakazi, Laszlo Bock, alipokiri hadharani kwamba yalikuwa kupoteza muda. Maswali ya algorithimu ubaoni yakaendelea kutawala. Na tangu mwaka 2008 kipo kitabu cha Gayle Laakmann McDowell, Cracking the Coding Interview, kinachofundisha kuyajibu.

Nikamwambia kijana wangu: hukushindwa uhandisi, ulishindwa desturi ya usaili wa zama hizi. Msaili anataka kusikia unavyofikiri. Anza kwa kuuliza: orodha ina majina mangapi? Yaweza kuwa tupu? Kisha eleza kwa sauti kwamba hata yakiwa majina 1,000,000, ukiigawa orodha nusu kwa nusu hutalinganisha zaidi ya mara 20. Mwisho jaribu kwa majina matatu kabla ya kusema umemaliza. Kosa lako lingejitokeza hapo.

Lakini nilipokuwa nikisema hayo, nilijiona mshtakiwa. Darasani kwangu anayeuliza sana huonekana mjuaji, na anayenyamaza husifiwa kwa adabu. Tulimfundisha ukimya kwa miaka kadhaa, kisha tukampeleka mahali ambapo ukimya huhesabiwa kuwa ujinga.

Alifanya mazoezi na wenzake kwa miezi mitatu, wakipokezana usaili na kujibu. Usaili uliofuata alifaulu. Nami sasa, kila wiki, humsimamisha mwanafunzi mmoja ubaoni afikiri kwa sauti, na wenzake wana ruhusa ya kumhoji. Mwalimu pia huhojiwa, na siku nyingine hukosea mbele yao.