Masomo makubwa ao madogo: mzazi aangalie nini mbele ya kuandikisha mtoto

Mwezi wa tisa ukikaribia, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo: mtoto aende kwenye masomo makubwa yenye jina, ao tumuweke kwenye kale kamasomo kadogo ka hapa jirani? Wengi wanachagua kwa kufuata jina, wengine kwa kufuata minervali. Vyote viwili vinadanganya.

Kwetu Bukavu, mtu akisema masomo makubwa, anafikiria Alfajiri ya mapadri Wayezuiti, ao Lycée Wima ya wasichana. Hayo ni masomo ya muda mrefu, na karibu kila familia ya mji iko na mtu aliyepita pale. Lakini masomo mengi makubwa hayako na jina kama hilo. Ni masomo ya serikali ya kawaida, mengi yakiongozwa na Kanisa kufuatana na mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na madini. Ukubwa wake ni wingi wa watoto, basi.

Na wingi huo uliongezeka sana kuanzia mwezi wa tisa 2019. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kusema kama primeri ya serikali ni ya bure na ni ya lazima, lakini tangu miaka ya 1990 wazazi njo walikuwa wanabeba mzigo wa prime ya walimu. Serikali ilipoanza kutekeleza bure hiyo, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walirudi. Ni jambo zuri, hakuna mtu wa kulikataa. Shida ni kwamba vyumba na mabanki havikuongezeka kwa mwendo ule ule, na kuko masomo ambamo watoto wane wanakaa kwenye banki ya wawili, ao kundi moja linasoma asubuhi na lingine nyuma ya saa sita.

Fanya hesabu ndogo. Mwalimu akitumia dakika 2 tu kwa kusahihisha daftari moja, watoto 90 wanamuomba saa 3 kila siku, nyuma ya kazi. Hataweza. Watoto 30 wanamuomba saa 1, na hiyo inawezekana. Kwa hiyo mbele ya kuandikisha, usiulize masomo iko na wanafunzi wangapi kwa jumla. Uliza darasa lile ambalo mtoto wako ataingia liko na wangapi. Halafu omba mtoto wa jirani anayesoma pale akuonyeshe daftari yake ya hesabu. Ukikuta kurasa kumi hakuna hata alama moja ya biki nyekundu, umepata jibu, hata kama masomo yenyewe iko na jina mpaka Kinshasa.

Basi masomo madogo ni bora? Si hivyo moja kwa moja. Masomo madogo mengi ni ya mtu binafsi, na mshahara wa mwalimu unatoka mufukoni mwa wazazi. Wazazi wakikosa, mwalimu anakosa, na kati ya mwaka anaenda kutafuta kwingine. Mtoto wako anaweza kuona walimu watatu mwaka mmoja. Hapo pia kuko kufukuzwa minervali: asubuhi direkta anapita na orodha, mtoto anarudi nyumbani na kibegi chake, anapoteza juma nzima. Mahali pengine mwalimu mmoja anafundisha mwaka wa tatu na wa nne ndani ya chumba kimoja. (Masomo ya serikali nayo iko na jeraha lake: walimu wenye kuitwa NP, wanaofundisha bila kulipwa na serikali. Uliza juu yao pia.)

Hatari kubwa zaidi ya masomo madogo haionekani kwa macho. Ni kibali. Masomo isiyokuwa na arete ya serikali haiwezi kupeleka watoto wake kwenye mtihani kwa jina lake. Mtoto anafika mwaka wa sita, ENAFEP inakaribia, njo mzazi anasikia kama atapita kwa jina la masomo ingine. Hiyo masomo ingine ikikataa, ao ikiomba franka zaidi, mtoto njo anabaki katikati. Ni vile vile kwa TENASOSP ya mwaka wa nane, na kwa Exetat mwisho wa sekondari. Kwa hiyo, papa, mama, ombeni kuona arete yenyewe, na namba yake. Direkta mwenye nayo hakasiriki. Akianza kusema iko njiani, ulizeni kwenye ofisi ya sous-division mbele ya kulipa.

Kwa mtoto wa miaka sita, mimi ningetazama kwanza njia. Kumshusha kutoka Kadutu mpaka Nyawera kila asubuhi, mvua ikinyesha na magari yakisukumana, ni mzigo kwake, na pesa ya moto mara mbili kwa siku inaweza kupita minervali yenyewe. Kama karibu yenu kuko masomo ndogo yenye arete na darasa lisilojaa, inatosha kwa miaka ya kwanza. Na msivutwe na ile ya kujisifu kama kwao ni Kifaransa tu tangu maternel. Programu ya serikali yenyewe inatumia Kiswahili kwa kuanzisha watoto kusoma huku kwetu.

Sekondari ni mambo ingine. Masomo ndogo mara nyingi iko na opsioni moja ao mbili, labda pedagogia na komersiali, na mtoto anayependa biokemia ao ufundi anaingia penye nafasi iko. Hapo masomo kubwa iko na faida ya kweli, hata kama iko mbali.

Wakati muzuri wa kuhamisha mtoto ni nyuma ya mwaka wa sita ao wa nane. Usimutoe katika mwaka wa sita, wakati wanatayarisha ENAFEP. Na mbele ya kuhama, maliza deni na uchukue buletini zote zenye muhuri, sababu masomo nyingi zinazishika mpaka siku umelipa.