Jioni Zilizokatwa: Amri ya Kukaa Nyumbani, 2020

Wazee wetu waliosimuliwa habari za Hali ya Hatari wanajua ya kwamba Nairobi iliwahi kuzingirwa, mwezi wa Aprili 1954. Kufungwa kwa 2020 tulikuona wenyewe. Tarehe 13 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Tangu tarehe 27 ikawakataza watu wote, ila wenye kazi za lazima, kutoka nje tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili jiji likafungwa, mtu asiingie wala asitoke.

Kwa mtu wa Kibera na Kawangware uzito wa amri ulikuwa katika saa zake. Mchuuzi hapati riziki nyingi mchana, wanunuzi wakiwa kazini. Huipata jioni, watu wanaporejea kwa miguu kutoka Industrial Area na Westlands, kila mmoja akinunua sukuma wiki, unga wa kupima, au samaki wa kukaanga. Amri ilikata jioni hiyo, tena ikachukua kipande kinono. Ilipofika saa kumi na mbili wateja walikuwa mbioni. Matatu za viti 14 nazo ziliamriwa kuchukua abiria 8, nauli ikapanda, na aliyezoea kupanda akatembea.

Mama zetu waliovuka kila asubuhi kwenda kufua katika maghorofa ya Nyayo Highrise waliambiwa wasije. Hatuwalaumu sana waajiri, kwani walihofu maradhi na wengine walikuwa wamekatwa mishahara. Lakini kodi ya nyumba haikungoja. Serikali iliwasamehe kodi ya mapato wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Asiye na mshahara alisamehewa nini? Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, chakula cha msaada kilipogawanywa Kibera, watu walikanyagana hata wakaumia.

Chama chetu kiliguswa penye moyo wake, yaani mazishi. Waombolezaji walihesabiwa wasizidi 15, na maiti haikutoka jijini bila kibali. Wanachama waliochanga miaka mingi ili wasindikizwe nyumbani walisindikizwa na wachache.

Mwezi wa Juni amri ilisogezwa ianze saa tatu usiku, Julai jiji likafunguliwa, na kafyu ikafutwa tarehe 20 Oktoba 2021. Katika daftari letu nafasi nyingi za michango ya miezi ile zingali wazi, na kamati haijamdai mtu.