Mikono ya breki na klachi ya pikipiki: kukagua, kunyoosha na kubadili

Mkono wa breki na mkono wa klachi ni vipande viwili vya madini mepesi vinavyofungwa kwenye usukani wa pikipiki: wa kulia huvuta breki ya mbele, wa kushoto huachanisha injini na giaboksi. Mafundi wengi huviita liva. Pikipiki ikilala ubavu, hata kama ilikuwa imeegeshwa tu, ncha ya mkono hugusa ardhi mapema, pamoja na saidi mira, indiketa na kikanyagio. Ndiyo maana ajali ndogo isiyomwacha dereva hata na mchubuko huweza kumwachia mkono uliopinda.

Katika Kasense, kata ya Manispaa ya Sumbawanga kwenye nyanda za juu za Ufipa, mambo haya huongezeka masika. Mvua za Rukwa huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, udongo huwa utelezi, na pikipiki iliyobeba gunia la mahindi nyuma huanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji ziliifanya bodaboda kuwa kazi inayotambulika kisheria Tanzania, na kwa dereva wa kazi hiyo pikipiki kulala siku moja ni hesabu ya siku moja kukosekana. Basi hutazama kwanza kama mkono unanyooka hapo hapo nyumbani.

Ufipa ni nchi ya wahunzi. Kabla ya chuma cha viwandani kuzagaa, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, mengine yakifikia mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo kabla ya kufuliwa majembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya kazi hiyo upande wa Nkasi. Lakini kanuni ya mhunzi, yaani kuchoma hadi pawe pekundu kisha kugonga, ikitumika kwenye mkono wa pikipiki huuharibu. Mikono mingi ya Boxer, TVS, SanLG na nyinginezo za aina hiyo ni alumini iliyochanganywa na silikoni na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Alumini tupu kwenye 660, na mchanganyiko wa kumimina huanza kulegea kabla ya 600. Tena alumini haiwi nyekundu machoni mchana kweupe. Mtu huendelea kupuliza mkaa akisubiri rangi ibadilike, na mkono humomonyoka mkononi mwake kama ugali wa jana.

Jambo la kwanza ni kuamua kama kuna haja ya kugusa kitu. Mkono uliopinda kidogo, vidole vikaufikia vizuri na ukavutika hadi mwisho bila kugonga kishikio, uachwe ulivyo. Kila kupinda na kunyoosha huichosha alumini hii, na mkono ulionyooshwa ukapinda tena haufai kunyooshwa mara ya pili.

Ukaguzi wa ufa ndio kazi yenyewe, na hauhitaji mashine. Mkono hufunguliwa, huoshwa matope na grisi, kisha hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa dakika kadhaa ili yapenye. Hufutwa kwa kitambaa hadi uwe mkavu kabisa, halafu hupakwa unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Karakana za reli zilitumia njia hii kukagua ekseli kabla ya dawa za kisasa za rangi kupatikana. Mahali pa kutazama zaidi ni upande wa nje wa pindo, na kuzunguka tundu la bolti. Tundu likiwa limelika na kuwa kama yai, mkono utacheza juu na chini hata ukinyooshwa vizuri namna gani. Huo ni wa kutupa.

Kunyoosha hufanyika mkono ukiwa umeondolewa kwenye pikipiki. Wanaovuta ungali umefungwa huhamishia nguvu kwenye kibebeo chake, ambacho nacho ni alumini, na kwa pikipiki ya breki ya diski hicho ndicho chenye pampu ya breki, spea ya bei kubwa kuliko mkono. Mkono hubanwa kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, huvishwa bomba fupi upande uliopinda, kisha huvutwa taratibu. Nyundo haihitajiki. Pasipo jiliwa, ubao mgumu uliotobolewa tundu hufaa.

Joto la wastani husaidia, na kipimo chake ni sabuni ya mche. Sehemu iliyopinda huchorwa mstari wa sabuni na kupashwa moto taratibu kutoka upande wa pili. Mstari ukianza kuwa wa kahawia, moto uondolewe na kuvuta kuanze. Ukiwa mweusi, joto limezidi na ugumu wa mkono umeshapungua. Si lazima urudi ulivyotoka kiwandani. Robo ya pindo ikibaki, afadhali hivyo kuliko kutafuta unyofu kamili na kuupata pamoja na ufa.

Haya yote yanahusu zaidi mkono wa klachi. Ukikatika njiani, dereva atasukuma pikipiki au, akiwa mzoefu, ataingiza gia kwa kusikiliza injini. Mkono wa breki ni habari nyingine: pikipiki ikifunga breki, uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Tena mkono huo huvutwa kwa nguvu zote pale tu pasipo na nafasi ya kukosea. Wenye kufuata kanuni kali hunyoosha wa klachi na kununua wa breki, na hilo ndilo sahihi, hasa kwa anayebeba abiria.

Uliokatika hauungwi. Welding ya kawaida ya umeme, ile ya kuchomelea mageti, haishiki alumini: juu yake kuna utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati alumini ya ndani imeshamwagika zamani. Inahitajika mashine maalumu yenye gesi ya agoni, na gharama yake huweza kupita bei ya mkono mpya. Gango la nondo na raba ya tyubu ni la kufikia nyumbani tu. Ila kama kilichokatika ni ncha pekee na vidole viwili bado vinapata pa kushika, kazi inaweza kuendelea, baada ya kulainisha makali kwa tupa. Kile kirungu cha mwishoni hakikuwekwa kwa urembo. Kinazuia mkono kumchoma mtu anapoanguka, na kanuni za mashindano za FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, hudai kiwe na kipenyo kisichopungua milimita 16.

Kufunga mkono mpya ni kazi fupi. Kwa klachi, nati ya kurekebishia hulegezwa, mipasuo yake hulinganishwa na mpasuo wa kibebeo, na kichwa cha waya hutoka. Bolti hupakwa grisi kidogo na kukazwa, lakini mkono uendelee kurudi wenyewe. Ncha ya mkono wa klachi huachiwa mchezo wa milimita 10 hadi 20 katika pikipiki nyingi ndogo. Ukikosekana kabisa, klachi huteleza na kuungua. Kwenye breki ya diski, mkono usioendana na pampu unaweza kubaki umeisukuma pistoni kidogo. Mafuta ya breki yakipata joto hukosa njia ya kurudi kwenye kikopo, na gurudumu hujifunga lenyewe mwendoni. Taa ya breki nayo ijaribiwe, kwa kuwa swichi yake ndogo imejificha chini ya mkono huo huo.

Mwisho ni kibebeo. Madereva wa pikipiki za mashindano ya matope huzungusha tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye usukani kabla ya kukifunga, na skrubu huzikaza kiasi tu, kibaki imara kwa nguvu ya vidole lakini kizunguke kikipigwa na ardhi.